Ukitoka duarani, mapumziko yako unayapeleka wapi?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo nataka tuzungumze jambo ambalo sisi masheikh hatulipandishi sana mimbarini. Ni jambo la kupumzika. Naomba usome mpaka mwisho, hata kama ni refu, kwa sababu huenda linakuhusu wewe au mtu unayeishi naye nyumba moja.

Ijumaa moja baada ya swala, hapa Rwamgasa, kijana mmoja alinisubiri nje ya msikiti mpaka watu wakaisha. Mikononi alikuwa na lile vumbi la mawe ambalo halitoki hata kwa sabuni. Akanipa shikamoo, nikaitika. Akasema: "Sheikh, naomba nikuulize, na usione nimekukosea adabu. Pombe mnatuambia haramu, na ni kweli. Kubeti haramu, sawa. Muziki haramu. Mpira mnasema unapoteza muda. Drafti mnasema ni upuuzi. Sasa mtu kama mimi nikitoka duarani baada ya kutwa nzima, nifanye nini? Nikae niangalie ukuta?"

Wallahi nilikosa jibu. Nikamwambia neno ambalo sisi wahubiri tumezoea kulitoa tukibanwa: "Soma Qur'an, mwanangu, na ukithirishe dhikri." Ni neno la haki, halina kasoro. Akasema, "Sawa sheikh," akaondoka. Jioni nikitoka Magharibi nikapita karibu na kibanda umiza, nikamuona. Ameinamia simu, yeye na wenzake wanapanga mkeka.

Kwanza nilimlaumu yeye. Usiku nikajilaumu mimi. Kijana alikuja msikitini na swali la kweli kuhusu maisha yake, mimi nikampa jibu la kumfukuza kwa upole. Aliyempokea baada yangu ni mtu wa kubeti. Yule hakumwambia aangalie ukuta.

Kwa ndugu mnaonifuatilia kutoka Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa na Muscat, niwaeleze kidogo kazi ya huku. Rwamgasa ni kata katika wilaya ya Geita, nchi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtu anashuka duarani kwa kamba au kwa ngazi za miti, tochi kichwani, nyundo na mtaimbo mkononi. Mawe yanapandishwa kwa viroba, yanapelekwa kwenye karasha yasagwe, unga wake unaoshwa mwaloni, dhahabu inakamatwa kwa zebaki kisha inachomwa. Wengi hawana mshahara wa mwezi. Malipo yao ni mgawo. Duara likitoa, unapata. Lisipotoa, jasho limekwenda. Mtu anaweza kuchimba mwamba mkavu miezi kadhaa, anapewa chakula tu, anasubiri.

Kazi ya namna hii haina Jumapili wala sikukuu. Hata akiwa amelala, kichwa cha mchimbaji kiko chini. Anawaza, pengine saa hizi wenzangu wameukuta mwamba na mimi sipo. Mwili umetoka duarani, moyo umebaki. Mtu wa hivi huchoka mpaka anaanza kukosea. Kazi nyingine mtu akikosea kwa uchovu, anafuta anaanza upya. Huko chini kosa moja ni kifusi. Nimezika watu, ndugu zangu. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Kwa hiyo swali la yule kijana si la anasa. Ni swali la uhai wake na la akhera yake pia. Tulirudishe kwa Mtume (S.A.W) tuone yeye alilijibu vipi.

Katika Sahih Bukhari kuna kisa cha kamba. Mtume (S.A.W) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa katikati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab: anaposwali usiku akichoka, huishika ajizuie asianguke. Mtume akaamuru ifunguliwe. Akawafundisha kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. Tafakari hapo. Ile haikuwa kamba ya kushukia duarani kutafuta dhahabu. Ilikuwa kamba ya ibada, kamba ya tahajudi, na bado ikafunguliwa. Basi wewe unayejifunga kamba usiku na mchana kwa ajili ya dunia, nani atakufungulia?

Kisa cha pili pia kimo katika Bukhari. Salman alikwenda kumtembelea ndugu yake Abu Dardaa, ambao Mtume (S.A.W) aliwaunganisha kwa udugu. Akamkuta mke wa Abu Dardaa hajijali hata mavazi. Alipomuuliza, mama akajibu kwamba ndugu yako hana haja tena na dunia. Mchana mumewe anafunga, usiku anasimama. Salman akamlazimisha Abu Dardaa ale pamoja naye. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Usiku ulipofikia mwisho, wakaamka wote wawili wakaswali. Kisha Salman akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W), akasema Salman kasema kweli.

Neno lililotumika pale ni haki. Ukimnyima mtu haki yake umemdhulumu. Basi kuna watu wanaswali safu ya kwanza nao ni madhalimu wa miili yao wenyewe.

Utaniuliza: sawa, kulala nimekubali, je, kucheza? Tuendelee.

Siku ya Idi watu wa Habasha, hawa jirani zetu wa pembe hii ya Afrika, walicheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume. Hawakufukuzwa. Mtume (S.A.W) alimsimamisha mama yetu Aisha (R.A) nyuma yake aangalie, akamvumilia mpaka aliposhiba mwenyewe. Na Aisha huyo huyo amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume safarini, akamshinda. Miaka ikapita, mwili wake ukaongezeka, wakashindana tena, safari hii Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni ya kulipa ile. Kiongozi wa umma, mwenye wahyi na majeshi na mayatima na wajumbe wa wafalme, alipata muda wa kukimbia na mkewe.

Kulikuwa pia na mtoto akiitwa Abu Umayr, ndugu yake Anas. Alikuwa na kandege kadogo anachezea. Kandege kakafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W) akamuuliza habari za kandege kake kwa maneno ya utani yenye vina, amchangamshe. Hakumwambia aache mambo ya kipuuzi. Aliona kwamba moyo wa mtoto ulikuwa na kitu unachokipenda, na akakiheshimu kile kitu.

Na Hanzala, mwandishi wa Mtume, alipolalamika kwamba tukiwa kwako tunaiona pepo na moto kama kwa macho, tukirudi kwa wake na watoto na mashamba tunasahau mengi, alidhani amekuwa mnafiki. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kwamba lau wangebaki katika hali ile muda wote, malaika wangewapa mikono njiani na vitandani, lakini mwanadamu ana saa hii na ana saa ile. Kisa hiki kimo katika Sahih Muslim.

Kwa hiyo dini yetu haikutuachia ukuta wa kuangalia. Imetuachia mlango mpana wa mapumziko ya halali. Sisi ndio tuliosimama mlangoni tukaufunga, halafu tunashangaa vijana wameruka dirisha.

Sasa tuangalie huko dirishani kuna nini.

Kuna pombe. Tangu Machi 2017 serikali imepiga marufuku pombe ya viroba vya plastiki, lakini mlevi hakosi chombo. Gongo ipo, na bia ipo siku duara likitoa. Sitaongea mengi hapa, mnayajua. Mtu aliyelewa hajapumzika. Amezimwa tu. Anaamka na uchovu ule ule pamoja na kichwa kinachouma na mfuko mtupu, na asubuhi hiyo hiyo anashika kamba kushuka.

Kuna simu, usiku kucha, video baada ya video, mpaka macho yanawaka na Alfajiri inampita. Wengi mnaonisoma sasa hivi mko kwenye hilo. Ukimaliza kusoma, weka simu chini. Sitakasirika.

Na kuna kubeti. Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili nililiona usiku ule nikijilaumu, na sijalisikia likisemwa.

Kazi ya mchimbaji ni kazi ya kusubiri bahati. Najua, kila riziki iko kwa Allah, na uchimbaji ni kazi ya halali kabisa, silinganishi hukumu zake. Nazungumzia hali ya moyo. Mchana kutwa moyo wa mchimbaji unakaa katika ile hali ya "labda". Labda kiroba hiki. Labda mita moja mbele. Labda kesho. Moyo unapanda, unashuka. Hali hiyo inachosha kuliko nyundo. Kisha anatoka juu, anakwenda kupumzika, na anachokifanya ni kuchukua simu na kuanza tena: labda timu hii, labda goli moja, labda mkeka huu. Hata serikali inapouruhusu kwa leseni, jina lake rasmi ni mchezo wa kubahatisha. Jina linajieleza lenyewe.

Ndugu yangu, hujatoka duarani. Umepanda juu ukaingia duara la pili, na hili la pili halina dhahabu, wala hujawahi kuona aliyelichimba akajenga. Umefanya shifti mbili kwa siku, moja ya mwili na moja ya moyo, na shifti ya pili umeilipia wewe.

Allah katika Suratul Maida ameviweka ulevi na kamari mahali pamoja, akatueleza kwamba shetani anataka kwa vitu hivyo kutia uadui na chuki baina yetu na kutuzuia na kumkumbuka Yeye na swala. Angalia mwenyewe kama si hivyo. Mtu ambaye mkeka wake umechanika dakika ya mwisho, muangalie anavyoingia nyumbani. Muangalie anavyomjibu mkewe akiulizwa pesa ya unga. Je, huyo ni mtu aliyetoka kupumzika?

Kutokana na hilo nimepata kipimo, nawapa na ninyi. Mapumziko mazuri ni yale yanayokupa kile ambacho kazi yako haikupi. Anayekaa ofisini akiangalia kompyuta kutwa, asipumzike kwa kuangalia simu, atembee. Dereva wa lori asipumzike kwa kukaa kijiweni, anyooshe miguu, acheze na watoto. Mwalimu anayepiga kelele kutwa atafute kimya. Na mchimbaji, ambaye kutwa yuko gizani, chini ya ardhi, akisubiri kitu ambacho hajui kama kipo, atafute kitu cha juani, cha hewani, ambacho ukikiwekea jasho leo unaliona tunda lake bila kubahatisha.

Vijana mnasema hobi. Sawa, tutumie neno hilo. Niwape mifano, yote inawezekana huku huku kambini na mitaani kwetu.

Bustani. Mchicha kwenye viroba vya zamani vya mawe, maji ya kunawia unayamwagia hapo, ndani ya wiki chache unachuma. Tahadhari moja: usitumie kiroba kilichobeba marudio au udongo wa mwaloni, na bustani isiwe karibu na mahali panapochomwa dhahabu. Na Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mche, kisha akala mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Hobi gani nyingine inakuandikia thawabu wakati wewe umelala?

Kuku wa kienyeji au njiwa. Ukirudi jioni unakuta kiumbe kinakusubiri. Ukikilisha na kukihurumia, una ujira.

Mpira wa miguu. Nasema kuucheza. Geita mwaka 2021 tulifurahi timu yetu ya Geita Gold ilipopanda Ligi Kuu, na kufurahia timu ya nyumbani si dhambi. Lakini kuangalia mpira dakika 90 ukiwa umekaa kwenye moshi wa kibanda, na kuucheza dakika 30 uwanjani ukatoka jasho ukacheka na wenzako, ni vitu viwili tofauti. Vaeni kaptula inayofunika magoti, chezeni, adhana ikilia acheni.

Ufundi mdogo wa mikono: kushona, kutengeneza baiskeli, redio au viti. Mikono ile ile iliyovunja mawe kutwa inapata kujenga kitu.

Kusoma. Wako vijana waliingia machimboni kabla ya kumaliza shule. Jioni moja kwa wiki ukae na anayejua kusoma akufundishe herufi, za Kiswahili na za Qur'an. Sasa hapo ndipo neno langu la "soma Qur'an" linapata mahali pake. Nilikosea kulitoa kama amri ya kumnyamazisha mtu. Ukikaa na wenzako wanne, chai katikati, mnajifunza sura moja kwa sauti, huo ni mzigo unaoshuka mabegani, wala si kazi nyingine ya kuongezewa.

Na bao na drafti? Najua mnasubiri. Wanazuoni wamehitilafiana katika michezo ya ubaoni. Wako waliokataza, na wako walioona ni makruhu tu ikiwa haina pesa, haina matusi na haipotezi swala. Michezo inayoendeshwa kwa dadu ndiyo yenye makatazo mazito zaidi. Mimi sitakuja kijiweni kuwavunjia wazee bao lao. Nitawaambia hivi: ikiingia hata soda ya kuwekeana, imekuwa kamari. Ikipita swala, imekuwa hasara. Isipokuwa na hayo, usimfanye mzee anayecheza bao baada ya Alasiri kuwa sawa na mlevi. Tukiyaweka makosa yote kwenye kapu moja, watu wanaacha kuogopa hata yaliyo makubwa.

Wazee wetu wa Kisukuma walilijua jambo hili kabla hatujazaliwa. Wanapolima kwa pamoja kuna wimbo na ngoma, na majembe yanachezeshwa. Bugobogobo ilitoka huko mashambani. Sizungumzii dawa na mambo ya ushirikina yanayoingizwa kwenye mashindano ya ngoma, hayo tunayakataa. Nasema walielewa kwamba mtu si jembe. Jembe lenyewe linakwisha makali, linanolewa. Wewe nani anakunoa?

Sasa naomba niseme na makundi matatu.

La kwanza ni wanaume wenye familia. Ndugu yangu, ukishaelewa kwamba kupumzika ni haki, usije ukaifanya haki hiyo yako peke yako. Wako dada zetu huku wanaoponda mawe kwa nyundo, wanaosha marudio mwaloni, wanapika mama ntilie toka Alfajiri, na wakirudi nyumbani wanaanza shifti nyingine ya kuni, maji na watoto. Mume anatoka kwenda "kupunguza mawazo", mke anabaki na mawazo yote mawili, ya kwake na ya mumewe. Aisha (R.A) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ukifika wakati wa swala anatoka. Basi sehemu ya hobi yako iwe hii: jioni moja kwa wiki, watoto ni wako. Mke wako aende kwa mashoga zake, ashone, alale, au akae tu asifanye chochote. Usimuulize amekwenda kufanya nini cha maana. Kupumzika kwake ndiyo maana yenyewe.

La pili ni wenye maduara, wenye karasha na wasimamizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Utasema hawa si waajiriwa wangu, ni watu wa mgawo. Mbele ya Allah jina la mkataba halikuokoi. Kijana anayeshuka kwenye duara lako ni amana yako. Ukiona macho yake yamekuwa mekundu na maneno yanamchanganya, ukamshusha kwa sababu mwamba uko karibu, utakuja kuulizwa. Mpe siku. Kama unaogopa mwamba utakimbia, kumbuka umekaa hapo ardhini tangu Allah alipoumba mbingu na ardhi. Utakusubiri siku moja.

La tatu ni sisi, maimamu na walimu wa madrasa. Tumekuwa hodari wa kuorodhesha yaliyokatazwa. Lini tumetaja yaliyoruhusiwa? Kama msikiti una uwanja, kwa nini tunawafukuza watoto baada ya Alasiri? Kwa nini imamu asicheze nao mara moja kwa wiki? Mimi nina tumbo, nitakaa golini. Kijana akiniona nimefungwa goli nikacheka, siku ya shida yake ataniendea. Akiniona mimbarini tu, atanisikiliza siku ya Ijumaa na kumwendea mtu wa kubeti siku sita.

Najua wapo watakaosema, "Sheikh, hobi ni mambo ya matajiri. Mimi nadaiwa kodi, nina watoto, nikipumzika siku moja hawali." Ndugu yangu, nakuelewa, na sitakudanganya kwamba mchicha kwenye kiroba utalipa kodi. Lakini hesabu kwa uaminifu. Unayesema huna muda, jana ulikaa kwenye simu saa ngapi? Unayesema huna pesa, mwezi huu mikeka imekula shilingi ngapi? Mimi sikuombi muda mpya. Nakuomba ule muda ambao tayari unakwenda, uupeleke mahali unaporudi na kitu. Na ambaye kweli hana hata nusu saa, huyo aanze na usingizi. Allah ametueleza katika Suratun Naba kwamba ameufanya usingizi kuwa mapumziko na usiku kuwa vazi. Wewe unalivua vazi hilo kila siku kisha unashangaa una baridi.

Jambo moja la mwisho kabla ya kufunga, na hili ni la afya. Si kila uchovu unatibiwa kwa kupumzika. Rwamgasa hii wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja miaka ya mwanzo ya 2000 kwa ajili ya zebaki, na Tanzania imeuridhia mkataba wa Minamata wa 2013 unaohusu sumu hiyo. Moshi wa zebaki unaingia kwa pumzi, unakwenda mpaka kwenye ubongo. Mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira bila sababu, hayo yanaweza kuwa yake. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, kwa sababu vumbi la mawe linaharibu mapafu. Usikae na dalili hizo ukisema nitapumzika zitapita. Nenda kituo cha afya. Na usichome dhahabu ndani ya nyumba wanamolala watoto. Kucheza mpira Ijumaa na kuwavutisha wanao moshi Jumamosi si usawa.

Kumbukeni Suratut Takathur. Allah anatutahadharisha humo na kule kushindana kwa wingi, kunakomshughulisha mtu mpaka anayafikia makaburi. Kila nikipita kwenye maduara yaliyoachwa, nikaona yale mashimo, sura hiyo inanijia. Mwanadamu anachimba, anachimba, na hajui ni lini shimo analochimba litakuwa la kwake. Basi kabla ya siku hiyo, mpe Mola wako haki yake, mpe mwili wako haki yake, wape watu wako haki yao.

Yule kijana nilimtafuta. Ilinichukua wiki mbili. Nilimkuta anakunywa uji karibu na karasha, nikakaa naye, nikamwambia: mwanangu, siku ile ulikuja na swali na mimi sikukujibu, nisamehe. Akaangalia chini, ameona haya. Nikamuuliza, ulipokuwa kwenu, kabla ya kuja machimboni, ulikuwa unapenda kufanya nini? Akafikiri sana. Akasema kwao Shinyanga alikuwa na njiwa, wengi, anawajua mmoja mmoja. Alipoanza kuwaeleza, uso wake ulibadilika nikaona umri wake halisi. Ni mtoto mdogo, ndugu zangu. Vumbi lilikuwa limemzeesha.

Sasa ana kibanda cha mbao nyuma ya chumba alichopanga, na njiwa wanne. Hakuniambia kama ameacha kubeti, nami sijamuuliza. Ila jioni akitoka duarani anapitia dukani kununua mtama, na Magharibi namuona safu ya pili.

Basi na wewe nakuuliza swali hilo hilo. Kabla kazi haijakumeza, ulikuwa unapenda nini? Kama ni halali, wiki hii kirudie, hata kwa nusu saa. Tia nia kwamba unapumzika ili upate nguvu ya kumwabudu Allah na kuwahudumia watu wako, na mapumziko yako yatakuwa ibada, inshaallah.

Ewe Mola wetu, wahifadhi walio chini ya ardhi wakitafuta halali, warudishe juu kwa watoto wao salama. Tupe riziki yenye baraka na mioyo iliyotulia. Tuondolee mapenzi ya haramu kwa kutuonjesha utamu wa halali. Warehemu ndugu zetu waliofukiwa na vifusi, na utufishe hali ya kuwa umeturidhia. Amin.

Ukiona lina faida, mtumie ndugu yako anayefanya kazi bila kupumzika. Usimtumie kwa kumsuta, mtumie kwa kumhurumia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.